Sauti Mbili kwa Sikio Moja

Jumapili, Machi 15

Mvua imefika. Ilianzia upande wa Menengai ikateremka hadi huku Kaloleni, Nakuru, kabla ibada haijaisha. Sisi tuliokaa nyuma tulisikia kwanza harufu ya vumbi, halafu mabati yakaanza. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Sikuweza kutenganisha wimbo na mvua. Niliona tu midomo ikifunguka na kufungwa.

Mama alinigusa goti. Yeye anajua. Mwezi wa pili nilipotoka wodini, daktari alituambia sote wawili: homa ya uti wa mgongo imeniachia uhai, lakini imechukua sikio la kushoto, na sikio likienda hivyo halirudi. Nilimwapisha Mama asimwambie mtu yeyote.

Naandika hapa kwa sababu kuongea siku hizi kunanichosha.

Machi 18

Bodaboda nusura inigonge karibu na soko. Nilisikia honi, nikakwepa upande usio wenyewe. Ukiwa na sikio moja, dunia yote inakuitia kulia. "Madam, uko sawa kweli?" dereva akaniuliza. Nikacheka kama mtu aliye sawa.

Jumapili, Machi 22

Odongo amepiga simu. Sikushika. Nilimtumia ujumbe kwamba niko darasani na watoto. Jumapili mchana! Hakujibu.

Nimwandike Odongo vizuri, maana huenda nikaja kusoma haya nikiwa nimezeeka. Tumeimba naye katika kwaya tangu tukiwa vijana wa sekondari. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga sauti. Yeye huimba tenor, mimi soprano. Hatukuwahi kuambiana neno, lakini kwaya nzima ilikuwa imeshatuambia. Januari akaajiriwa kufundisha Olenguruone, huko juu Mau. Jioni ya kuondoka alikuja na hedfoni zake nyeusi, kubwa kama bakuli mbili za uji, na kadi ndogo ya simu yenye wimbo wetu. "Sikiza mpaka nirudi," akasema. Nikasikiza kila siku. Halafu nikaugua. Alinitembelea hospitalini mara moja, mimi nikiwa sijitambui, na nilipopata fahamu nilimwandikia kwamba nimepona kabisa.

Nimepona kabisa. Ndivyo nilivyoandika.

Machi 24

Leo nimezivaa hedfoni tena, mara ya kwanza tangu wodini. Sifongo za masikioni zimeanza kubambuka, na bado zina harufu ya mafuta yake ya nywele.

Wimbo huo tulirekodiwa na mwanafunzi mmoja wa Njoro aliyekuwa amebandika trei za mayai ukutani mwa chumba chake na kukiita studio. Alimweka Odongo upande wa kushoto na mimi upande wa kulia. Alisema mtu akifunga macho atuone tumesimama. Tulikuwa tumeutunga kwa harusi ya binamu yangu: yeye anabisha hodi, mimi namuuliza ametoka wapi na mvua yote hii, halafu ubeti wa pili tunaimba pamoja.

Sasa nasikia mimi tu. Namuuliza mtu ametoka wapi, kunakuwa kimya, halafu namwambia karibu. Nikageuza hedfoni, kushoto kuwa kulia. Hapo nikamsikia yeye, na mimi nikapotea. Anabisha, kimya, anashukuru kwa kukaribishwa na mtu ambaye hayupo.

Niligeuza na kugeuza mpaka Mama akapiga kelele kutoka jikoni kwamba chai imepoa. Anapiga kelele siku hizi hata nikiwa mbele yake, kama mtu anayeishi ng'ambo ya ziwa. Majirani watajua.

Aprili 3

Shule zimefungwa. Mvua.

Aprili 6

Mvua. Wamalwa, mwalimu wetu wa kwaya, amekuja kuuliza nitarudi lini kuimba. Nikamwambia koo linaniuma.

Jumamosi, Aprili 11

Odongo alikuja leo, bila taarifa.

Niliona kivuli mlangoni nikadhani ni mwenye duka la jirani. Amekonda, ana ndevu kidogo, viatu vimejaa tope jekundu. Mama alimwita "mwanangu" na kumpa taulo. Mimi nilisimama katikati ya chumba nikiwa nimeshika beseni, kwa sababu mabati yetu yanavuja juu ya kochi, upande wa kulia. Nililiweka beseni mahali pake, nikakaa, na nafasi iliyobaki ikawa kushoto kwangu. Hapo ndipo alipokaa.

Ningesema tubadilishane. Ningesema neno moja tu. Lakini alikuwa ananiangalia kama watu wanavyoangalia chakula cha nyumbani, na sikutaka jicho hilo ligeuke la huruma.

Mwanzo tuliongea vizuri. Nilikuwa nimegeuka, nikimtazama mdomo. Alisema barabara ya Keringet ni mbaya, alisema watoto wa huko wana sauti, angeunda nao kwaya nzuri. Halafu mvua ikashuka kwa nguvu zote, stima zikapotea. Chumba kikawa na mwanga wa jiko tu kutoka nyuma. Odongo akainamia mikono yake, akaanza kusema jambo. Lilikuwa jambo refu. Niliona bega lake likipanda na kushuka. Nilisikia mabati, na matone kwenye beseni, basi.

Akanyamaza. Akaniangalia, akingoja.

"Sawa tu," nikasema.

Akainua uso kwenye mwanga wa jiko. "Kweli?" Hilo nililisoma mdomoni.

"Kweli," nikasema, na nikatabasamu.

Akanywa chai yake yote bila kuiweka chini. Akamshukuru Mama. Mama alimwambia angoje mvua ipungue, yeye akatikisa kichwa, akaondoka akiwa amevaa koti juu ya kichwa.

"Amesema nini?" Mama akaniuliza.

"Nafikiri ni mambo ya mvua ya huko kwao."

Mama aliinuka. Alilichukua beseni akaenda kulimwaga.

Aprili 12

Nimemtumia ujumbe kuuliza kama alifika salama. "Nilifika. Asante." Hivyo tu.

Aprili 19

Hapigi tena. Ndicho nilichotaka, sivyo? Nilikuwa naogopa simu zake. Sasa naweka simu kwenye dirisha, mahali ambapo mtandao hauyumbi, na napita hapo hata nikiwa sina kazi ya kupitia hapo.

Aprili 25

Nimejiuliza: kama sikio la kulia linasikia, na sauti zote mbili zimo kwenye waya, kwa nini zisije zote upande mmoja? Jirani yetu anasema simu za kisasa zina mahali pa kubonyeza, mambo yakaisha. Yangu ya kisasa ilipotea wodini, bahati kadi ya wimbo nilikuwa nimeitoa. Hii niliyo nayo ni ya vidude vya kubofya. Inapiga muziki, lakini haibadilishi kitu.

Basi nikakata waya. Nimezikata hedfoni za Odongo kwa kisu cha mboga.

Waya ule unagawanyika chini ya kidevu, mmoja unaenda kila sikio. Ndani kuna nyuzi nyembamba kama nywele: nyekundu, kijani, na nyingine rangi ya shaba. Nilizisokota pamoja kwa vidole. Kimya. Nikapasha msumari kwenye jiko nikajaribu kuziunganisha na kipande cha risasi ya kuchomelea nilichotoa kwenye redio mbovu. Plastiki ikayeyuka, moshi ukanipanda machoni, na uzi mmoja ukakatika ndani kabisa. Hapo hata yule mmoja niliyekuwa namsikia akanyamaza.

Nilizitupa kwenye ndoo ya takataka, nikabaki na kipande cha waya mkononi. Nililia mpaka nikasikia aibu.

Aprili 27

Shule zimefunguliwa. Watoto wangu wa chekechea wamesahau nyimbo zote.

Mei 2

Nimemkasirikia Mama kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

Nilikuwa napita Bondeni, penye kibanda cha Mastura anayetengeneza simu. Namjua kwa macho tangu utotoni. Ni mtu wa familia za zamani za pale, babu yao alitoka Mombasa na reli. Siku zote nimemwona ana maringo: unamsalimia, anakutikisia kichwa tu kama malkia. Leo yeye ndiye aliyeniita. Aliniita zaidi ya mara moja, nadhani, maana alitoka hadi barabarani akanishika mkono. Mkono wa kulia.

"Wewe ndiye wa hedfoni?"

"Hedfoni gani?"

"Mamako alizileta juzi kwenye karatasi ya nailoni, mvua inamnyeshea. Amelia hapa mpaka wateja wakadhani amefiwa." Akanisogelea sikio la kulia. "Ameniambia kuhusu hili lingine."

Nilienda nyumbani moja kwa moja nikamuuliza Mama alichoapa ni nini.

Mama alikuwa anachambua mboga. Hakupiga kelele safari hii. Alisema polepole, nikalazimika kuinama nimsikie: "Niliapa. Lakini nilikukuta umelala ukiwa umeshika waya uliokatika, Nanyama. Nikasema Mungu atanisamehe kwanza, wewe baadaye."

Nimeandika hapo juu kwamba nimemkasirikia. Nimelisoma, naona si kweli tena. Alitembea Kaloleni hadi Bondeni na magoti yale, kwenye matope, kwa kitu ambacho hata hajui kinafanya kazi gani.

Mei 4

Nimeenda kwa Mastura. Kumbe hajibu salamu kwa sababu huwa ameweka skrubu mdomoni.

"Nitengenezee," nikamwambia.

Akazitema kiganjani. "Naweza. Lakini hii kitu itakatika tena, waya ni waya. Utakuja hapa ukute nimefunga, nimeenda arusini, utakufa? Keti. Utatengeneza mwenyewe."

Mei 9

Somo la kwanza: rangi iliyo kwenye nyuzi ndiyo iliyoninyamazisha. Si rangi ya urembo, ni ngozi inayozuia umeme usiguse uzi wa jirani. Ukisokota bila kuichoma hakuna kinachopita. Mastura ananipa vipande vya earphone zilizokufa nijifunzie. Nimechoma vidole viwili.

Mei 16

Vidole vingine viwili.

Mei 20

Mvua imeharibu barabara upande wa Molo, redio imesema. Viazi vimekwama. Nilifikiria viatu vya Odongo, lile tope jekundu.

Mei 23

Nilitaka kuunganisha kushoto na kulia moja kwa moja, Mastura akanipiga kofi la mkononi. Ukifanya hivyo, anasema, pande mbili za simu zinasukumana zenyewe kwa zenyewe kama watu wawili mlangoni. Lazima kila upande upitie kwenye rizista yake, kadude kadogo kama punje ya mchele kenye mistari, ndipo zikutane kwa amani. Ametoa mbili kwenye mashine ya DVD ya mtu ambaye hakurudi.

Tunaongea siku hizi. Aliolewa Naivasha, akarudi kwao, hakueleza zaidi. Nilimwambia habari za Odongo. Aliendelea kuchomelea simu ya mtu. Mwishowe akauliza, "Huyo mtu anajua?"

"Hajui."

"Sasa anakosea nini?"

Wiki zote hizi nilikuwa nimeandika kana kwamba Odongo ndiye aliyeniacha.

Mei 30

Nimetoa sifongo zake kuukuu. Nilizinusa kwanza. Nimeshona nyingine kwa mikono ya sweta yangu ya shule, nikajaza vipande vya godoro kuukuu ndani, nene, ili kelele za mabati zibaki nje. Upande wa kushoto Mastura aliuliza tuufanyie nini, kwa kuwa hauna kazi. Nikamwambia ukae tu, ushike kichwa.

Jumamosi, Juni 6

Zimekubali.

Mastura aliniwekea mwavuli juu ya kichwa kibandani kwa vile paa lake nalo ni la kuvuja, akageuka akajifanya ana kazi. Nikabofya.

Odongo alibisha hodi. Nami nikamuuliza, palepale, ametoka wapi na mvua yote hii. Alijibu. Nikamwambia karibu, naye akaingia. Walikuwa watu wawili ndani ya sikio moja, wamebanana, lakini wote wawili wapo.

Nimesikiza mpaka betri ikakaribia kuisha, na kuna jambo ambalo sikuwahi kulijua. Miaka yote watu walisema Odongo ananiongoza, na mimi niliamini. Nilidhani naimba kwa kumfuata. Kwenye ubeti wa pili nimeingia mapema. Nimekosea kabisa, nimeingia yeye akiwa bado na maneno yake ya mwisho. Na yeye ameyaacha maneno hayo. Ameyameza ili tuwe pamoja. Nilipokuwa na masikio mawili nilikuwa nasikia wimbo mzuri tu. Sasa nimelisikia hilo.

Nilimvulia Mastura hedfoni akasikiza. "Huyu mwanaume," akasema, "anakusikiza wewe kuliko anavyojisikiza." Halafu akaziweka skrubu mdomoni.

Juni 8

Nitaenda. Sitampigia, jambo hili nataka kulisema nikiuona mdomo wake.

Jumamosi, Juni 13

Olenguruone.

Mama alinipa gamubuti zake za mpira na chapati kwenye nailoni. Kutoka Molo nilipata gari la viazi lililokuwa likirudi tupu, dereva hakuwa mwongeaji, nikashukuru. Huko juu mvua haikuwa kubwa. Ilikuwa ukungu tu, majani ya chai yakichungulia kando ya barabara, na baridi ya kuuma meno.

Alikuwa nje ya nyumba za walimu anapasua kuni. Aliponiona aliweka shoka chini polepole.

"Nanyama? Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima."

Alikuja kusimama kando yangu, kama tulivyokuwa tukisimama kwenye kwaya, yeye kushoto. Nikamshika mkono wa shati nikamvuta.

"Hama. Simama huku."

"Kwa nini?"

"Sikio hilo halisikii. Lilienda na ule ugonjwa. Halisikii kitu."

Nilimwona akihesabu. Macho yake yalirudi nyuma, Machi, Aprili. Yalipofika Aprili yakasimama.

"Siku ile ya mvua," akasema.

"Sikukusikia. Sikusikia hata neno."

Alikaa kwenye gogo alilokuwa akipasua. Alijishika kichwa. Nilichuchumaa upande wake, sikio langu zima likiwa karibu na mdomo wake, ili hata akinong'ona nisikose.

"Nilikwambia umenyamaza tangu upone na sijui nimekukosea nini. Nikakuuliza, basi niache kukungoja, niendelee na maisha yangu? Ukasema sawa tu." Aliinua uso. "Nikakuuliza, kweli? Ukasema kweli. Ukacheka, Nanyama."

"Nilidhani unaongea habari ya mvua."

"Mvua," akasema.

Mlango wa nyumba ya tatu ukafunguliwa, akatoka msichana mwenye shuka la Kimasai mabegani, ameshika vikombe viwili. Alitusalimia kwa upole, akasema nje kuna baridi, mbona tusiingie ndani. Odongo alisimama. "Huyu ni Nanyama, tuliimba pamoja Nakuru. Nanyama, huyu ni Chepkemoi."

Chepkemoi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nakusikia sana," akasema. "Anasema hakuna sauti kama yako." Akatuachia chai, akarudi ndani, akaufunga mlango taratibu. Nilikuwa nimekuja na nafasi moyoni ya kumchukia mtu yeyote nitakayemkuta. Haikunisaidia.

"Mwezi wa tano nilienda kwao kumposa," Odongo akasema. "Wazee wameshaongea."

Nilikunywa chai. Ilikuwa tamu.

Nilimtolea hedfoni. Alizigeuza mikononi, akaona pale nilipokata, pale nilipochomelea, vile vipande vya sweta. "Umetengeneza wewe?" Nikaitika. Alizivaa, nikambofyia. Alisikiza akiwa ameyatazama majani ya chai, na kwenye ubeti wa pili akafumba macho. Hapo nikajua kwamba siku zote alikuwa anajua alichokifanya.

Alipozivua nilimwambia, "Tuimbe. Mara moja tu. Hapa hapa, halafu nirudi."

Alitikisa kichwa.

"Kwa nini? Ni wimbo tu."

"Si wimbo tu, na unajua." Aliangalia ule mlango uliofungwa. "Nikiimba na wewe leo, Nanyama, kesho sitaweza kumwangalia yule machoni. Na hajanikosea kitu."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia sijamkosea. Lakini nilikuwa nimemnyima neno moja ambalo lingetosha, hama, simama huku, na nililikalia miezi mizima. Kwa hiyo nikafunga kifuko changu.

Alinisindikiza hadi barabarani. Alitembea upande wa kulia njia nzima, na mahali madimbwi yalipomlazimu kuvuka kwenda kushoto alisubiri tuyapite, akarudi tena kulia. Pikipiki ilipofika alizisukuma hedfoni kwenye mikono yangu. "Baki nazo. Zimeshonwa kwa sikio lako."

Juni 14

Mama aliniuliza kama nilimkuta. Nikasema nilimkuta. Akaniwekea maji ya moto ya miguu, akakaa karibu nami.

Juni 21

Bado namtamani. Naliandika waziwazi nisije nikajidanganya baadaye kwamba lilipita haraka.

Juni 25

Nimewaambia walimu wenzangu shuleni kuhusu sikio. Wengine walisema walishashuku. Watoto walifurahi sana, sasa wanapanga foleni kulia kwangu kunong'oneza siri.

Juni 29

Hakuna mvua wiki hii. Baridi tu, na upepo unaotoka ziwani.

Jumapili, Julai 5

Nimerudi kwaya. Nilimweleza Wamalwa ukweli kabla ya mazoezi, naye bila maneno mengi akanihamishia mwisho wa mstari, kushoto kabisa, ili wenzangu wote wawe upande wangu unaosikia. Mama alikaa kiti cha mbele, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mastura naye alikuja, akasimama nje kivulini na leso yake, akasema yeye amepita tu.

Wimbo ni mpya, na ubeti wa kwanza ni wa mtu mmoja. Wamalwa aliniangalia akainua mkono. Kanisa likanyamaza. Niliutazama mlango, mara moja tu, kama kuna mtu amechelewa. Hapakuwa na mtu.

Nikaanza.